Namna ya Kujiandaa kwa Usaili wa Okestra

Nafasi ya kudumu katika okestra hutangazwa kwa nadra, kwa kuwa mwanamuziki akishaipata huweza kukaa nayo hadi astaafu, na inapotangazwa waombaji huwa wengi na karibu wote ni wapigaji wazuri. Kwa sababu hiyo jopo, katika raundi ya kwanza, halingoji kusisimuliwa. Linatafuta sababu ya kumwondoa mtu, na mara nyingi hupata moja kati ya mbili: mapigo yasiyo thabiti, au sauti iliyopanda ama kushuka kidogo kutoka mahali pake.

Anza na orodha ya vipande inayotumwa na okestra kabla ya usaili. Mpiga fidla ataombwa, karibu kila mara, sehemu ya kwanza ya koncheto (kazi ya ala moja ikisindikizwa na okestra) ya Mozart, ya 4 au ya 5, kisha ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Richard Strauss na skerzo, yaani sehemu ya mwendo wa kasi, ya Simfonia ya 2 ya Schumann. Waombaji wengi humaliza nguvu zao kwa Strauss na Schumann, ambako vidole na upinde hukimbia, na kumwacha Mozart kwa dakika za mwisho kana kwamba ni wa kupashia mikono moto. Mimi ningegeuza mpango huo. Mozart ndiye hupigwa kwanza, nota zake ni chache na wazi, na msikilizaji aliye makini humjua mpigaji ndani ya mistari michache tu.

Usijifunze kipande bila kuijua kazi nzima. Tafuta kitabu chenye nota za ala zote, sikiliza rekodi za waongozaji kadhaa, na ujue nani anapiga nini wakati wewe unapiga. Chukua mwanzo wa sehemu ya pili ya Simfonia ya 5 ya Beethoven, ambao mpiga chelo hawezi kuukwepa. Wimbo ule si wa chelo peke yake: viola hupiga nota zilezile pamoja nazo, na chini yake besi kubwa hudonolewa nyuzi kwa vidole. Mwombaji anayeuvuta wimbo huo apendavyo, akichelewa hapa na kukaza mwendo pale, anaweza kutoa sauti tamu sana, lakini papo hapo amelieleza jopo kwamba hawasikii viola walio kando yake wala besi wanaomshikia mapigo.

Katika mazoezi ya kila siku, piga kwa nusu ya mwendo pamoja na metronomu, kifaa kinachogonga mapigo, kisha uipunguze ili igonge mara moja tu katika kila hatua ya muziki, uone kama mapigo yanabaki ndani yako inaponyamaza. Usahihi wa sauti upimwe kwa kupiga juu ya nota moja isiyokatika. Uliza pia okestra husika hulinganisha ala zake kwa kiwango gani, kwa kuwa nyingine hutumia nota A ya mitetemo 440 kwa sekunde na nyingi za Ulaya hutumia 442 au 443, tofauti ambayo mpuliza ala hataki kuigundua akiwa jukwaani. Jirekodi, na uisikilize rekodi siku ya pili, masikio yakiwa yamepoa.

Wiki za mwisho ziwe za kujaribiwa. Andika majina ya vipande kwenye karatasi ndogo, uzichanganye, uchomoe moja na upige mara moja tu bila kurudia. Fanya hivyo mbele ya watu, na wakati mwingine baada ya kupanda ngazi kwa haraka, ili mwili uzoee kupiga moyo ukienda mbio.

Huenda ukapigia nyuma ya pazia, utaratibu ambao Boston Symphony iliutumia mapema, mwaka 1952. Jopo halitakuona, na mara nyingi huwekwa zulia ili hata viatu visitoe siri ya jinsia yako. Ukiwa na swali, mnong'oneze msimamizi. Kabla ya kila kipande nyamaza mpaka uusikie mwendo wake kichwani. Nota moja ikiteleza, endelea bila kupunguza kasi.

Kushinda usaili hakumalizi safari, kwani hufuata kipindi cha majaribio ambacho katika baadhi ya okestra huisha kwa kura ya wanachama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanachama wa Berlin Philharmonic walimkataa mpiga klarineti Sabine Meyer, aliyependekezwa na mwongozaji wao mkuu Herbert von Karajan mwenyewe, kwa kura 73 dhidi ya 4, wakidai sauti yake haichanganyiki na ya wenzake. Wengi hawakuiamini sababu hiyo, na Meyer akawa mpigaji wa peke yake mwenye sifa kubwa. Hata hivyo, kuchanganyika ndicho kipimo kinachotajwa. Katika kipindi hicho, basi, linganisha upinde au pumzi yako na ya kiongozi wa kundi lako, usipige kwa sauti inayozidi yake, na muda ukifika katikati mwombe akueleze faraghani anachotaka kibadilike, kungali na miezi ya kukibadilisha.