Namna ya Kuitazama The Naked Gun 2½ Bila Kupitwa na Vichekesho Vyake

Filamu ya The Naked Gun 2½: The Smell of Fear, iliyoingia katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 28 Juni 1991, ina urefu wa dakika 85 tu, lakini sijaona filamu nyingine ya polisi iliyoshindiliwa vichekesho kiasi hicho. Nimeitazama mara nyingi, na kila nikirudi nakuta jambo lililonipita. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza, au aliyewahi kuitazama huku akichezea simu, akaondoka akidhani kuwa ameona mzee mmoja anayejikwaa na kuvunja vyombo.

Basi kanuni ya kwanza ni kwamba simu iwekwe mbali kabla ya jambo lolote. Luteni Frank Drebin alibuniwa na ndugu wawili, David na Jerry Zucker, pamoja na rafiki yao Jim Abrahams, kwa ajili ya mfululizo wa televisheni ulioitwa Police Squad!, wenye vipindi sita tu, ambao kituo cha ABC kiliurusha mwaka 1982 na kuufuta mwaka huohuo. Mkuu mmoja wa kituo hicho alieleza kuwa uliondolewa kwa sababu mtu alilazimika kuutazama ndipo aufurahie, na ingawa maneno yake yamechekwa sana tangu wakati huo, yalikuwa ya kweli. Televisheni ya siku zile ilizoea watu wanaopika au kupiga pasi huku wakisikiliza kwa mbali, ilhali kazi ya watunzi hawa watatu ilidai macho. Waliporudi na filamu ya kwanza mwaka 1988, watazamaji walikuwa wamekaa gizani mbele ya skrini kubwa, hawana pengine pa kuangalia, na kilichokufa kwenye televisheni kikafufuka.

Hulazimiki kuanza na filamu hiyo ya kwanza, ingawa itakusaidia. Inatosha kujua kwamba Frank ni polisi asiyejua kwamba ana mikosi, kwamba Jane Spencer, anayeigizwa na Priscilla Presley, ni mwanamke aliyempenda wakaachana, na kwamba Kapteni Ed Hocken ndiye mkubwa wake kazini na rafiki anayemvumilia. Mkasa nao ni mwepesi. Rais George Bush, yaani baba, anataka kutangaza sera ya nishati kwa ushauri wa mtaalamu mwadilifu aitwaye Dakta Meinheimer, na wenye viwanda vya mafuta, makaa ya mawe na nyuklia wanamteka mtaalamu huyo ili waweke mtu anayefanana naye mahali pake. Richard Griffiths, mwigizaji wa Uingereza, anaigiza watu hao wote wawili. Ikumbukwe kwamba filamu ilitoka miezi minne baada ya Vita vya Ghuba kumalizika, wakati ambapo neno mafuta lilikuwa katika kila taarifa ya habari, kwa hiyo chini ya vurugu zote kuna hoja ya kweli, nayo inasemwa waziwazi.

Sasa tuje kwenye uso wa Leslie Nielsen, anayemwigiza Frank, ambao ndio shule nzima ya filamu hii. Mkanada huyu aliyezaliwa mwaka 1926 alitumia karibu miaka 30 akiigiza watu wazito: alikuwa kamanda wa chombo cha anga za juu katika Forbidden Planet ya mwaka 1956, na nahodha wa meli inayopinduka katika The Poseidon Adventure ya mwaka 1972. Akina Zucker walipomchukua kwa ajili ya Airplane! mwaka 1980 hawakumtaka awe mchekeshaji, bali walimtaka aendelee kuwa yuleyule nahodha, sauti ileile na kifua kilekile mbele, ila maneno ndiyo yawe ya ajabu. Kwa hiyo usisubiri akukonyeze. Mtazame mwanzoni, katika karamu ya Ikulu ya Marekani, anapopongezwa kwa kumuua muuza dawa za kulevya wa elfu moja. Anasimama, anashukuru, kisha anakiri kwa unyenyekevu kwamba wale wa mwisho aliwagonga kwa gari akirudi nyuma, na kwamba kwa bahati njema ilibainika kuwa nao walikuwa wauza dawa. Sauti haitikisiki hata kidogo. Ni sauti ya mtumishi wa umma anayetoa taarifa ya kazi, na ndiyo inayotuua kwa kicheko. Mwigizaji mwingine angetabasamu pale, na kwa tabasamu hilo mambo yote yangeharibika.

Katika karamu hiyohiyo macho yako yafanye kazi mbili. Mke wa Rais, Barbara Bush wa kuigiza, amekwisha kupigwa na mlango uliofunguliwa na Frank, na mezani kuna pambano kati ya Frank na kambamti aliyepikwa ambalo linawapata jirani zake. Miongoni mwa wageni wa heshima yumo pia mwigizaji aliyevaa nafsi ya Winnie Mandela, jambo ambalo mtazamaji wa Afrika atalitambua upesi kuliko wengi, kwa kuwa Nelson Mandela alikuwa ametoka gerezani mwaka uliotangulia na familia hiyo ilikuwa midomoni mwa dunia yote.

Kanuni ya pili ni kutazama nyuma ya waigizaji. Wanapozungumza kwa utulivu, shuku. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni baa ya Blue Note, mahali ambapo Frank anakwenda kunywa huzuni yake baada ya kumwona Jane akiwa na mwanamume mwingine. Taa ni hafifu, kinanda kinalia polepole, na wateja wamejiinamia juu ya bilauri zao. Kwenye kuta zimetundikwa picha, kama baa nyingine zinavyotundika picha za wanamuziki na wachezaji, lakini hapa ukizikagua utaona meli ya Titanic, ndege-puto ya Hindenburg ikiteketea, tetemeko la San Francisco, na kisha picha ya Michael Dukakis, mwanasiasa aliyeshindwa na Bush katika uchaguzi wa mwaka 1988. Hakuna mtu ndani ya filamu anayezitaja. Ukipepesa macho zimepita, na usipojua Dukakis ni nani utaishia kwenye misiba mitatu ya kwanza. Ndiyo maana nashauri usitishe picha hapo, uikaribie skrini, na kuzisoma moja baada ya nyingine.

Kanuni ya tatu inahusu kumbukumbu. Vichekesho vingine hupandwa mapema na kuvunwa mwishoni, hivyo usikisahau kinachovunjwa au kinachoachwa wazi. Frank anapoendesha kifaru cha polisi na kubomoa uzio wa bustani ya wanyama, unacheka na kusonga mbele, bila kujua kwamba simba aliyetoka siku ile ana miadi na Quentin Hapsburg, tajiri mwovu anayeigizwa na Robert Goulet. Mtu huyo anaanguka kutoka dirishani, anaokolewa na vivuli vya turubai vya madirisha ya chini, anasimama akiwa mzima, na hapo simba anatokea. Bomu la nyuklia nalo, ambalo Frank anashindwa kulitegua kwa ujuzi wake wote, linazimika anapojikwaa kwenye waya na kuuchomoa ukutani. Namna hii ya kumfanya mjinga ashinde kwa ujinga wenyewe inahitaji ufundi mkubwa wa kuandika.

Kuna tukio moja linalohitaji maandalizi. Frank na Jane wanaporudiana, wanakaa kufinyanga udongo kwa pamoja huku muziki wa mahaba ukilia. Aliyeona Ghost, filamu ya mapenzi iliyotikisa dunia mwaka 1990, anajua kilichoigwa. Asiyeiona ataona matope tu. Itazame kwanza, au walau tukio lile. Raha zaidi ni kujua kwamba Ghost iliongozwa na Jerry Zucker, na hii ikaongozwa na David, yaani ndugu anamtania ndugu yake hadharani.

Ukiwa na watu wasioelewa Kiingereza vizuri, usitegemee nakala iliyosimuliwa kwa sauti juu ya filamu, maana msimulizi hodari wa kibanda cha video anaufaa mkasa wa mapigano, lakini hapa sauti yake itamfunika Nielsen. Tafsiri wewe mwenyewe, na utafsiri mapema, kabla ya tukio. Waeleze kwamba vifupisho vya vyama vya wenye mafuta, makaa na nyuklia vikitamkwa kwa Kiingereza huleta maneno ya kumwagika, moshi na mlipuko. Waeleze pia kwamba wahusika wa filamu hii huchukua kila neno kama lilivyo: tangu enzi za televisheni, mtu akinyoosha pakiti na kuuliza, “Sigara?”, anajibiwa, “Ndiyo, ni sigara.” Utani huo unaingia katika Kiswahili bila kupoteza kitu, na ukianza nao, chumba chote kitakuwa kimeshika mdundo.

Usiitazame mbele ya wakwe au watoto wadogo, kwa kuwa utani wa chumbani ni mwingi. Jua pia kwamba Nordberg, polisi mwenzake Frank, anaigizwa na O.J. Simpson, aliyeshtakiwa baadaye kwa mauaji ya mtalaka wake na rafiki wa mtalaka huyo, akaachiwa huru mwaka 1995; wapo wanaoshindwa kucheka akitokea, nami siwalaumu.

Ikiisha, irudishe mwanzo, uzime sauti kabisa, na utazame karamu ya Ikulu bila kumwangalia Frank hata mara moja. Angalia wageni waliokaa karibu naye, jinsi wanavyojitahidi kulinda heshima ya meza huku vyakula vikiruka.