Kitafunwa cha kabla ya kulala kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza

Usianzie jikoni, anzia kwenye kipima sukari. Nawa mikono, kausha, ndipo utoboe kidole. Kidole kilichotoka kumenya embe hutoa namba ya juu ya uongo, ukaacha kula usiku uliohitaji kula.

Kisha angalia aina ya insulini. Ile yenye rangi ya maziwa (NPH), au mchanganyiko wa NPH na insulini ya muda mfupi kama Mixtard, ikichomwa saa moja jioni hufikia kilele cha nguvu yake kati ya saa tano na saa tisa usiku, wakati ugali wa jioni umeshasagika. Ndiyo maana wanaoitumia mara nyingi huhitaji kula kidogo hata namba ikiwa nzuri. Anayetumia glargine, insulini ya muda mrefu ambayo haina kilele kikubwa, akilala na sukari ya 8 kwa kawaida hahitaji chochote. Kula kwa mazoea tu humwamsha na 13.

Namba hizi (mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu) ni za kuanzia kwa mtu mzima. Kama kliniki imekupa zako, shika hizo.

Chini ya 4, tibu kwanza: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari kwenye maji, au mililita 150 za soda yenye sukari. Pima tena baada ya dakika 15, na urudie ikiwa bado iko chini. Chokoleti haifai hapa, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ikishapanda, kula kitafunwa.

Kati ya 4 na 6, lenga gramu 15 za wanga pamoja na protini:

- slesi moja ya mkate na siagi ya karanga
- kikombe cha maziwa bila sukari (mililita 250, kama gramu 12 za wanga)
- nusu chapati na yai la kuchemsha

Kati ya 6 na 10, wa NPH wapunguze hadi gramu 10 hivi. Juu ya 10, acha wanga. Ukisikia njaa, tafuna yai. Juu ya 14, pima ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini), na usijiongezee insulini ovyo usiku.

Mtego mkubwa ni uji. Uji mwepesi wenye sukari hupandisha haraka na kuisha haraka, huku kilele cha insulini kikiwa bado mbele. Karanga peke yake nazo zina wanga kidogo mno kumtosha mwenye 5. Na kitafunwa cha kuzuia sukari isishuke hakichomewi insulini. Ukikichomea, umerudi ulikoanza.

Umecheza mpira jioni? Misuli huendelea kuvuta sukari saa nyingi baadaye, kwa hiyo ongeza gramu 10 hadi 20. Pombe ni hatari zaidi, maana huzuia ini kutoa sukari yake ya akiba. Usilale bila kula wanga, na mwambie mtu wa nyumbani.

Ukiamka umelowa jasho, kichwa kinauma au umeota ndoto mbaya, pima saa tisa usiku kwa siku tatu. Andika namba ya kulala, ya saa tisa na ya asubuhi, upeleke daftari kliniki. Ukilazimika kula kila usiku ili sukari isishuke, huenda dozi ya jioni ni kubwa mno, na hiyo hupunguzwa na daktari wako, si kwa mkate.