Ukanda wa kokoto kando ya ukoka, na ndago zilizonirudisha mwanzo

Shangazi yangu wa Tudor, Mombasa, ana ukoka wa Pemba mbele ya baraza. Nyasi hizi hutambaa, na kila wiki alikuwa akiinama na panga kuzirudisha zisiparamie ukuta. Nilimtandikia ukanda wa kokoto kati ya ukoka na ukuta, mara mbili. Wa kwanza uliharibiwa kwa wiki tatu na ndago, gugu linalofanana na nyasi. Huu ni utaratibu wa ule wa pili.

Hatua ya 1: Pima na uagize

Upana wa sentimita 40 unatosha. Wake una urefu wa mita 12, na kokoto nilizitaka ziwe na unene wa sentimita 5. Hesabu yake ni mita za ujazo 0.24, yaani wilbaro nne hivi zilizojaa. Agiza tano, maana kokoto hushuka zikishakanyagwa.

Chukua kokoto za kijivu za nusu inchi, zile za kumwagia zege, zilizooshwa vumbi. Vipande vyeupe vya matumbawe sivipendi: vinapendeza kiangazi, masika yakipita vinageuka kijani na weusi. Tena vina chokaa, na ua la iksora lililo karibu navyo huwa na majani ya manjano. Usiende kuokota pwani. Mawe yale yana chumvi, na ndani ya hifadhi ya bahari ni marufuku kuchukua chochote.

Hatua ya 2: Maliza ndago kwanza

Usiingie hatua ya 3 kabla hii haijaisha, hata kama fundi anakuhimiza.

Ndago ina viazi vidogo chini, vimeungana kwa nyuzi kama tasbihi. Ukiivuta kwa mkono, jani linatoka, kiazi kinabaki. Ukilima kwa jembe, unakata zile nyuzi na kila kiazi kinachipua peke yake. Na chipukizi lake lina ncha kali kama sindano, hutoboa hata nailoni nzito. Mara ya kwanza nililima asubuhi moja, nikatandika nailoni nyeusi, nikamwaga kokoto. Wiki ya tatu shangazi akanipigia simu: "Mwanangu, mawe yameota nyasi." Ilinibidi nizoe kokoto zote kwa beleshi na kuzichekecha udongo, siku nzima na nusu.

Mara ya pili nilifanya hivi. Nilipiga kamba, nikatoa nyasi za juu, kisha nikachimbua kwa uma, si jembe, hadi sentimita 20. Viazi vingi hukaa sentimita 15 za juu, ingawa vingine hushuka zaidi. Udongo wote niliupitisha kwenye chekeche ya waya ya waashi. Viazi nilivianika juu ya bati mpaka vikakauka kabisa. Usivitupe kwenye shimo la mbolea, vitakurudia na samadi.

Kisha rudisha udongo, umwagilie maji kidogo, uache wazi wiki mbili au tatu. Ndiyo, mwagilia: unataka viazi vilivyobaki vijitokeze. Kila jani likionekana, chimbua na kiazi chake. Rudia mpaka mizunguko miwili ifuatane bila jani hata moja. Sisi tulizunguka mara nne.

Kazi hii ni ya kaskazi, Januari hadi Machi. Mwezi Mei huwezi kukausha kiazi, na udongo uliolowa haupiti kwenye chekeche. Na kama utaletewa udongo mwekundu wa lori, uchekeche nao, maana ndago nyingi huingia bustanini kwa njia hiyo.

Hatua ya 3: Ukingo

Simamisha mawe bapa ya Mazeras upande wa ukoka, yazame sentimita 15 hivi, juu yalingane na udongo wa nyasi ili mashine ya kukatia nyasi ipite bila kugonga. Ukingo wa plastiki hukakamaa kwa jua letu na kuvunjika.

Hatua ya 4: Kitambaa na kokoto

Sawazisha chini ya ukanda, sentimita 7 chini ya ncha za mawe, mwinamo ukielekea nyasi ili maji yasisimame ukutani. Tandika kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji. Nailoni achana nayo, masika maji yatatuama juu yake. Vipande vipandane sentimita 20, uvibane kwa waya uliokunjwa. Mwaga kokoto, sawazisha kwa reki. Zibaki chini ya ncha za mawe kwa sentimita 2, zisije zikarushwa na mashine.

Hatua ya 5: Fagio

Majani yakiozea kwenye kokoto huwa udongo, na mbegu huota juu ya kitambaa. Shangazi ana mti wa mkilifi (mwarobaini) uani, kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi hupitisha fagio la chelewa, polepole, asisogeze mawe. Mikono ya ukoka ikivuka ukingo huikata kwa panga akiwa amesimama. Tangu masika yaliyopita zimechomoza ndago mbili tu, zote upande wa bomba, naye alizichimbua kwa kijiko cha zamani pamoja na viazi vyake.