Kabla hujafungua dramu kubadili breki shuu mwenyewe nyumbani, jipange hivi

Kubadili breki shuu za nyuma, yaani vile vipande vya upinde vinavyobana ndani ya dramu (lile bakuli la chuma nyuma ya tairi) ili gari isimame, sio kazi ngumu kihivyo, kinachowakwamisha watu wengi ni kwamba wanafungua tairi wakiwa hawajajipanga, afu dramu ikishatoka ndo wanagundua shuu walizonunua sio zenyewe au wili silinda (kile kisilinda kinachosukuma shuu kwa breki fluidi, yaani mafuta ya breki) inavuja, na gari iko juu ya stendi haiendi popote. Kwa hiyo kama una nafasi, tenga siku ya kukagua na siku ya kufunga. Siku ya kwanza unafungua, unaangalia, unapima, unarudishia, halafu ndo unaenda dukani ukijua kabisa unafuata nini.

Shuu zinaweza kuisha kwa kutumika tu na hapo hakuna shida, lakini zinaweza kuwa zimelika upande mmoja sababu kebo ya handibreki imekwama au adjasta (skrubu ya kurekebisha nafasi kati ya shuu na dramu) imeshika kutu, au nyama (lile tabaka la juu ya shuu linalosagika) bado ipo ya kutosha ila zimelowa mafuta. Ukiweka mpya bila kugusa chanzo unazichoma bure, na shuu ikishalowa usihangaike kuiosha wala kuipiga msasa, mafuta yameshaingia ndani ya nyama, hiyo ni ya kutupa. Kwenye kupima, kila gari ina kiwango chake kwenye kitabu, ila ukikuta nyama imebaki kama milimita 1 ujue umefika mwisho. Zile zilizopigwa riveti unapima kutoka kichwa cha riveti mpaka juu, usipime mpaka kwenye chuma, maana riveti ikianza kugusa dramu inaichimba.

Wili silinda ndo kitu ningekuomba usikiruke hata kama una haraka. Chukua bisibisi bapa ndogo, inua taratibu ukingo wa kile kimpira cha vumbi pembeni ya silinda, chungulia ndani. Ukikuta unyevu kidogo tu hiyo ni kawaida, lakini ukiinua tu breki fluidi ikachuruzika basi hiyo silinda imekwisha, iweke kwenye orodha ya manunuzi, na angalia pande zote mbili sio moja. Kama ulichokuta ni mafuta mazito yenye harufu ya mafuta ya gia, hasa kwenye gari inayosukuma kwa nyuma, tatizo ni oili sili ya ekseli, ule mpira unaozuia mafuta ya gia yasitoke, na hiyo ni kazi nyingine kabisa ya kupanga.

Dramu nayo isome. Nyingi zina maandishi yamegongwa MAX DIA na namba, hicho ndo kipenyo cha mwisho inachoruhusiwa kufika ikilika, pima ndani kwa kipimo cha kueleweka, na ikiwa imepita hapo au ina ufa badilisha, usiipeleke kuchongwa.

Vitu vya kununua: shuu zinabadilishwa gurudumu la kushoto na la kulia kwa pamoja, kwa hiyo ni vipande 4, ukibadili upande mmoja gari itavuta ukikanyaga breki. Chukua na seti ya springi na pini zake, za zamani zimeshapikwa na joto miaka yote hiyo, zinalegea, na hazina gharama ya kukufanya uzirudie. Grisi iwe ile ya breki inayohimili joto kali, unapaka kidogo tu pale kwenye bati la nyuma (lile linalobeba shuu) shuu zinapoegemea na kuteleza, na kwenye nyuzi za adjasta, basi. Breki fluidi nunua aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa chupa ya breki, chupa mpya ambayo haijafunguliwa maana inafyonza unyevu wa hewani. Kama gari yako ni ya DOT 3 au DOT 4 usije ukaweka DOT 5, ile ni silikoni na hazichanganyiki. Kabla hujaondoka dukani linganisha shuu mpya na picha za zile za zamani, upana, matundu, na mkono wa handibreki umekaa wapi.

Vifaa, kuna plaizi maalum za springi za breki na kuna kile kifaa cha kuzungusha vile vikombe vya pini zinazoshikilia shuu, vitafute kwa kweli, springi ikichomoka kwenye plaizi za kawaida inaruka kwa nguvu na jicho halina spea, vaa miwani. Tafuta pia boliti 2 zinazoingia kwenye yale matundu yenye nyuzi kwenye uso wa dramu, gari nyingi za Kijapani ni za milimita 8, dramu ikigoma unazikaza kidogo huku kidogo kule inajisukuma yenyewe. Ila kabla ya nguvu hakikisha handibreki imeachiwa, na ikibidi legeza adjasta kupitia kitundu cha bati la nyuma, maana dramu iliyolika inakuwa na ukingo unaong'ang'ania shuu.

Sasa kwa kuwa handibreki itakuwa imeachiwa, gari inashikiliwa na nini? Ndo maana unahitaji sehemu tambarare yenye sakafu ngumu na vigingi mbele na nyuma ya matairi ya mbele, na kama gari inasukuma kwa nyuma usitegemee gia kabisa, matairi ya nyuma yakishakuwa hewani gia haishiki kitu. Nati zilegeze tairi ikiwa bado chini. Jeki ni ya kuinulia tu, gari ikae kwenye stendi.

Vumbi la humo ndani usilipulize, si kwa mdomo si kwa kompresa. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa na asbesto na kwa macho huwezi kujua ipi ni ipi. Andaa barakoa nzuri, dawa ya kusafishia breki au maji ya sabuni, lowesha kwanza ndo ufute, na matambara yatupe kwenye mfuko uliofungwa.

Siku ya kazi simu iwe na chaji, piga picha kila hatua, na fungua upande mmoja tu, ule mwingine uache mzima uwe mfano wako. Adjasta za kushoto na kulia usizichanganye, nyuzi zake kwenye gari nyingi zinazunguka kinyume, ukibadilisha itakuwa inalegeza breki badala ya kukaza. Na waambie watu wa nyumbani mapema, dramu ikiwa nje hakuna wa kukanyaga pedeli hata kwa kujaribu, pistoni za silinda zitatoka nje. Fungua pia mfuniko wa chupa ya breki uangalie usawa, ukisukuma pistoni kurudi ndani fluidi inapanda, ikimwagika inakula rangi ya gari.

Mwisho panga mtu wa kukusaidia kukanyaga pedeli, maana kama umebadili silinda lazima mtoe upepo ulioingia kwenye mfumo wa breki, na chagua mapema sehemu isiyo na magari ya kujaribia mwendo mdogo. Kabla tairi hazijazunguka hata mara moja kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu juu, ikibaki laini gari haitoki.