Jiko la kuni hapa Lamu: namna ya kupika bila kujaza joto na moshi ndani ya nyumba

Gesi ikiisha katikati ya mwezi na pesa ya kujaza mtungi hakuna, kila mtu anakumbuka kuni, alafu wiki haijaisha malalamiko yanaanza, mato yawasha, sufuria nyeusi tititi, na nyumba imekuwa tanuu. Mi napika kwa kuni karibu kila siku na nataka nieleze taratibu vile jiko la kuni linavotakiwa liwe kwenye nyumba zetu hizi, maana mengi tumeyaiga kwa watu wa bara na hali yao ya hewa si yetu.

Mtu wa Limuru ama Nyahururu jiko lake lina kazi mbili, limpikie na limpashe joto. Kule usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, kwa hivo analijenga kwa matofali mazito na udongo mnene, yale matofali yanameza joto jioni yote na kulitoa polepole watu wakishalala. Kwa kule ni akili nzuri sana. Sasa wewe wa Langoni ukijenga vilevile utapika wali saa moja za usiku, utazima moto, na saa nne za usiku jiko bado linakutolea joto ambalo hukulitaka, na lile joto ulilinunua kwa kuni zako na halikufika kwenye sufuria. Jiko letu sisi linatakiwa ndani liwe na kitu chepesi chenye vijitundu vya hewa, kisichomeza joto, ndio moto wote uende juu kwenye chungu. Ukilishika hilo mengine yote yanafuata.

Na kabla sijaenda mbali, usitumie mawe ya matumbawe kuzungushia moto. Najua ndio mawe tuliyonayo, nyumba zote za mji wa kale zimejengwa kwayo, lakini mawe yale ndiyo tunayoyachoma tukapata chokaa, yani moto unayavunja. Fundi mmoja alinijengea jiko na mafiga ya mawe hayo, mwezi wa kwanza sawa, alafu asubuhi moja figa likapasuka kwa kishindo, sufuria ya chai ikapinduka na mtoto alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Hakuumia, alhamdulillahi, ila tangu siku ile jiwe la pwani kwangu ni la ukutani.

Jiko ninalolipendekeza ni hili la debe la lita 20, na halihitaji fundi. Finyanga mfereji wa udongo mfano wa mkono uliokunjwa kwenye kiwiko, mdomo wa kuingizia kuni uko chini ubavuni, alafu mfereji unapanda wima mpaka juu ya debe. Udongo wa kichuguu ndio bora, kule Hindi na Mokowe, upande wa bara wa Lamu, upo mwingi, na mi nachanganya na unga wa mbao kopo kwa kopo, ukienda kwa mafundi wa majahazi Matondoni ama kwa seremala yeyote utapata gunia zima. Ule unga ukichomwa unaungua na kuacha vijitundu, ndio wepesi wenyewe ninaousema. Acha ukauke kivulini wiki mbili, usiuanike juani utapasuka. Mdomo uwe kama sentimita 12 kwa 12 na shimo la kupandia liwe upana uleule, urefu wake kama sentimita 30 kutoka chini. Ukipanua mdomo ukidhani moto utakuwa mkubwa, utapata moshi mkubwa. Kisha lile pengo kati ya mfereji na debe lijaze majivu makavu uyashindilie, na juu ufunge kwa udongo. Majivu yanazuia joto vizuri sana, moto ukiwaka ndani bati la nje halifikii moto wa jiko la kawaida, ingawa watoto wasiliguse. Debe litaoza kwa chumvi ya upepo wa bahari, hilo halina dawa, utabadilisha debe na mfereji utabaki. Ila usifanye ule mfereji wa bati badala ya udongo, bati la ndani moto unalila mapema sana.

Kwenye mdomo weka kibao cha bati kinyanyuke vidole viwili hivi kutoka chini. Kuni zinalala juu yake, hewa inapita chini yake. Watu wengi wanakiruka kitu hiki ama wanajaza kuni juu na chini, alafu wanashangaa moto unazimika. Juu kabisa weka vijiguu vitatu vya udongo vya kubeba sufuria, na kama unaweza zungushia sufuria bati jembamba, liachane na sufuria kama sentimita moja tu, moto upande ukiilamba ubavuni badala ya kukimbilia hewani. Hilo bati peke yake utaona tofauti kwenye mzigo wa kuni.

Kuni zenyewe sasa. Tumezoea mkoko kwa sababu ni mgumu na makaa yake yanakaa, lakini zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwetu hapa Lamu, na 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji tuliona vile maisha ya wakata boriti yalivobana, kwa hivo mi mkoko nauachia ujenzi, na hata ukiutumia uwe ni wa kibali. Mvinje ni kuni nzuri kushinda nyingi, unawaka hata haujakauka vizuri na moto wake ni mkali. Mkwaju una makaa mazuri. Mwarobaini upo kila mahali na ukikauka hauna neno. Gogo la mnazi linaisha haraka na kukuachia majivu tu. Vifuu vina moto mkali sana, tia viwili vitatu unapotaka kitu kichemke haraka, ukijaza utapata moshi mweusi wa kupaka dari yote.

Mbao za majahazi mabovu na magogo yaliyoletwa na maji usiyatie jikoni. Najua ni ya bure. Ya jahazi yana rangi na dawa za kuzuia wadudu wa baharini, moshi wake ni sumu na unaingia kwenye chakula, na yaliyolowa maji ya bahari chumvi yake inakula bati na moshi wake si salama kuvuta.

Ukavu ndio kila kitu. Kuni mbichi inaweza kuwa karibu nusu yake ni maji, na moto wako utafanya kazi ya kuchemsha yale maji kwanza kabla haujachemsha ya kwako. Gonga kuni mbili, zikilia kwa sauti kali zimekauka, zikitoa sauti ya kufa bado. Angalia na ncha, kavu ina nyufa na gamba linabanduka lenyewe. Punda akishusha mzigo pasua siku hiyohiyo, unene wa kidole gumba mpaka kifundo cha mkono, jiko la debe halitaki magogo, kisha zipange juu ya mbao zisiguse sakafu na upepo upite kati. Za masika zinunuliwe wakati wa kaskazi, mtu anayenunua kuni mwezi wa tano ananunua maji.

Kuwasha, mi natumia makumbi yaliyofumuliwa kidogo na vijiti vyembamba, ukisubiri dakika tatu nne vijiti vishike ndio unatia kuni tatu kwa ncha zake tu, na zinavyoliwa unasukuma. Kuni yote isiingie ndani. Ukiona moshi mweupe mzito ujue kuni zimezidi ama hewa imezibwa, vuta moja nje, usianze kupuliza kwa mdomo mpaka kichwa kiume, kipepeo kipo. Na zile plastiki za kuwashia tuziache kabisa, mifuko imepigwa marufuku tangu Agosti 2017 lakini chupa na vifuniko bado naviona majikoni mwa watu.

Kwa wali wa nazi jiko hili lina raha yake, ukishakauka maji unavuta kuni zote nje, unabakisha makaa, na mengine unayatia juu ya kifuniko kwa koleo, unapalia vile mabibi walivyotufundisha. Maharagwe roweka usiku na funika muda wote. Sufuria ipake majivu yaliyokorogwa na maji kwa nje kabla hujaiweka motoni, masizi yatatoka kwa kuosha mara moja.

Mahali pa jiko, wazee wa mji walishatufanyia kazi, jikoni kulikuwa juu kabisa ya nyumba ambako upepo unapita na joto linapanda zake. Shida ni makuti. Dohani ya bati kupenya kwenye makuti siikubali hata kidogo, ipitishe ukutani, isiguse mbao wala boriti, alafu ipande nje mbali na paa na uiwekee kofia ya kuzuia cheche. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, upepo ni mkali, mdomo wa jiko usiuelekeze unakotoka. Ndoo ya mchanga na ndoo ya maji zikae hapo daima, na mafuta ya mahamri yakishika moto funika kwa kifuniko, maji yatalipua moto mpaka juu.

Hili la mwisho nalisema kwa uchungu. Usiku wa mvua za kusi watu wanaingiza makaa chumbani, ama mzazi yuko kwenye arobaini ya uzazi wanataka apate joto, na madirisha wamefunga. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayoua, gesi yake haina harufu na mtu analala asiamke. Mzazi apewe shuka nzito na maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa kwa kitambaa, na makaa yabaki nje. Hata chetezo cha udi, mkishafukiza kitoeni kabla ya kulala.

Majivu ya leo yamwagwe kesho, yaweke kwenye debe lenye mfuniko, kaa dogo linaweza kukaa hai humo usiku mzima na upepo ukalipeperusha kwa jirani. Kila baada ya miezi michache mulika ndani ya mfereji kwa tochi, ukiona ufa koroga udongo na majivu mpaka uwe kama uji mzito, lowesha ufa maji kwanza, paka, acha siku mbili, na siku ya kuanza koka moto mdogo wa chai tu.