Kabla Chura Hawajataga Kwenye Kibwawa cha Bustani

Dodoma mvua zikianza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, chura hawangoji mwaliko. Usiku wanalia, asubuhi mayai yapo. Kwa hiyo kazi ya kuandaa kibwawa, ili mayai na viluwiluwi wapone, ifanyike Septemba na Oktoba.

Samaki watoe wote. Perege hula mayai na viluwiluwi, hata yule mmoja uliyemwacha eti ale mbu. Kambare hujichimbia kwenye tope bichi, kwa hiyo zoa tope lote.

Kuku na bata wazuie kwa wavu. Uvute ukakamae, maana uliolegea hunasa ndege na nyoka, na chini acha upenyo wa sentimita 3 chura wachanga wapite.

Panapowashinda wengi ni kwa kereng'ende. Samaki hakuna, wavu upo, na bado viluwiluwi wanapungua kila siku. Lawama anabebeshwa ndege fundichuma. Mwizi yuko chini majini: mtoto wa kereng'ende, rangi ya tope, miguu sita, sentimita 2 hadi 5. Mdomo wake wa chini hukunjwa chini ya uso kama mkono. Kiluwiluwi akipita, unafyatuka na kumnasa. Ukiona mikia iliyokatwa, mshuku yeye. Ukikuta ngozi tupu inaelea, huyo ni mdudu wa majini anayechoma na kufyonza.

Mama yake hutaga majini, na hilo huwezi kulizuia. Unachoweza kuzuia ni mayai yanayokuja na mimea ya majini uliyopewa bure na jirani: iweke kwanza wiki mbili kwenye ndoo nyeupe, uangalie kinachotambaa. Kibaya zaidi ni kibwawa kilichojaa maji kiangazi chote, kwa sababu wale wa msimu uliopita wameshakuwa wakubwa na wanawasubiri viluwiluwi wa siku moja. Kikaushe wiki mbili kwenye jua la Septemba, ukijaze mvua zinapoanza. Hapo wote wanaanza wadogo, na viluwiluwi wengi wanawahi kuota miguu.

Dawa ya wadudu usiguse, itaua na viluwiluwi. Watoto wa kereng'ende wanaozidi wakokote kwa chujio la jikoni, uwahamishie kwingine. Nao hula viluwiluwi wa mbu.

Ukingo mmoja uwe mteremko wenye mawe na majani ya kivuli, ila usiingize mkono humo bila tochi: walipo chura, nyoka hayuko mbali. Na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha. Zungushia uzio.