Ukisikia "kama hivi basi vile", pima namna hii

Kuna mama huanika omena (dagaa) hapa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria kule Kisumu, kila siku ananiambia "mawingu yakiwa meusi upande wa Nandi, jioni lazima inyeshe", na kwake si stori tu, ju mvua ikipata omena kwa neti inaharibika na pesa imeenda. Sasa hayo maneno uyaamini kiasi gani? Shika daftari, andika siku 30.

Tuseme umepata siku 12 za mawingu meusi, na 9 kati ya hizo zikanyesha. Zile 18 zingine weka kando kabisa, hapo ndio watu hukosea. Mwenye anagawa 9 kwa 30 anajibu swali lingine. Na mantiki ya vitabuni inasema "kama mawingu, basi mvua" huvunjika tu siku ya mawingu bila mvua, hizo ni 3, kwa hivyo mama yuko sawa siku 27 kwa 30, asilimia 90! Mimi hiyo siikubali, siku ya jua kali haijaniambia chochote kuhusu mawingu. Gawa 9 kwa 12, upate asilimia 75. Mwanafalsafa Mwingereza Frank Ramsey, aliyekufa 1930 akiwa na miaka 26 tu, alikuwa ameshaandika wazo hili 1929: chukulia kwanza mawingu yapo, ndio ujiulize kuhusu mvua.

Halafu usigeuze "kama hivi basi vile" iwe "kama vile basi hivi", tafadhali. Huku ziwani malaria huleta homa, sawa, lakini homa inaweza kuwa taifodi ama nimonia, na bado mtoto anapewa dawa ya malaria bila kupimwa. Mpeleke apimwe kwanza.

Ukitaka kujua kama kanuni imevunjwa, fikiria baa. Kama mtu anakunywa pombe, lazima awe amefika 18. Mmoja ana bia, mwingine soda, wa tatu unajua ana miaka 40, wa nne ana 16, utakagua nani? Mwenye bia na huyo wa 16, basi. Mwanasaikolojia Peter Wason alitunga swali la aina hii 1966 kwa kadi za herufi na namba na wengi wakakosa, ju kwa kadi mtu hukimbilia zile zinazofanana na kanuni anasahau zenye zinaweza kuivunja. Kwa mama wa omena, huyo wa miaka 16 ni ile jioni haikunyesha: fungua daftari uone kama mchana wake kulikuwa na mawingu.